Korti ya Katiba: viti tisa vikibadilika, siasa ya Kongo nayo inabadilika

Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, wakati sehemu kubwa ya inchi ilikuwa inapiga kura, wakaaji wa Beni walipanga foleni mbele ya vituo walivyovitengeneza wao wenyewe. Walinawa mikono sababu ya Ebola, wakaandika chaguo lao kwenye karatasi, wakatumbukiza karatasi ndani ya sanduku. Kura zile hazikuhesabiwa popote. Siku nne mbele ya hapo CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi wangepiga kura mwezi wa tatu 2019, juu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Kwa hesabu ya wapiga kura, watu zaidi ya milioni 1 walibaki inje ya uchaguzi wa raisi.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 mwezi wa kwanza 2019, majaji wa Korti ya Katiba mjini Kinshasa walifunga mjadala. Walikataa mashitaka ya Martin Fayulu, aliyeomba kura zihesabiwe upya kwa mkono, na wakamtangaza Félix Tshisekedi kuwa raisi. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa wametuma waangalizi 40 000, walikuwa wamekwisha kusema kwamba matokeo ya CENI hayalingani na hesabu walizokusanya. Umoja wa Afrika ulikuwa umeomba Kinshasa isubiri kidogo. Korti haikusubiri. Siku nne nyuma, raisi mpya alikula kiapo.

Majaji waliotoa uamuzi ule waliwekwa wote na Joseph Kabila. Raisi waliyemtangaza ndiye, mwaka mmoja na nusu baadaye, alianza kuwabadilisha. Mtu akitaka kuelewa namna siasa ya Kongo iligeuka kati ya 2019 na 2024, afuatilie viti tisa vya Korti hii. Yaliyosemwa ndani ya mikutano ya vyama na kwenye televisheni yalikuwa mengi, lakini mlango ulifungukia hapa.

Nani anaweka nani

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 158, inasema Korti ina wanamemba tisa, na raisi wa Jamhuri ndiye anayetia sahihi ya kuwateua wote. Lakini hawachagui wote. Watatu anawachagua yeye mwenyewe. Watatu wanachaguliwa na bunge la taifa na baraza la maseneta wakikaa pamoja kama Kongresi. Watatu wengine wanatoka kwa Baraza Kuu la Mahakimu, CSM. Theluthi mbili yao wanapaswa kuwa watu wa sheria: mahakimu, avoka ao waalimu wa chuo kikuu. Kila mmoja anakaa miaka 9, na hawezi kurudi tena.

Waandishi wa katiba walitaka mzani. Kila miaka mitatu, theluthi moja inatoka kwa kupiga kura ya bahati, jina moja katika kila kundi. Watu wa kawaida wanaita jambo hilo tombola, na hawakosei. Jaji ambaye asubuhi alikuwa mkubwa wa korti yote anaweza kurudi nyumbani jioni kwa sababu ya karatasi moja ndogo. Tutaona kwamba ilitokea kweli.

Kuna kifundo kimoja ambacho kinazungumzwa kidogo sana. Mkubwa wa Korti ya Katiba, anayechaguliwa na wenzake kwa miaka mitatu, ndiye pia anaongoza Baraza Kuu la Mahakimu. Ndiyo kusema mtu anayeketi juu ya majaji tisa anaongoza pia baraza linalochagua watatu kati yao, na linalopendekeza kwa raisi mahakimu watakaopanda cheo, kutoka Uvira mpaka Boma. Ukiwa na nguvu juu ya kiti hicho kimoja, kwa kweli umeshika viti vingi.

Kazi ya Korti si ndogo. Inasema kama sheria inalingana na katiba. Inatafsiri katiba. Inaamua mizozo ya uchaguzi wa raisi, wa wabunge wa taifa na maseneta, na ya kura ya maoni. Ndiyo korti pekee inayoweza kuhukumu raisi wa Jamhuri na waziri wa kwanza. Na kufatana na kifungu cha 168, maamuzi yake hayakatiwi rufaa na yanatumika palepale. Huko Kinshasa hakuna mlango mwingine wa kugonga nyuma yake.

Miaka 9 ya kungoja

Katiba ilitangazwa 2006, lakini Korti yenyewe ilichelewa kuzaliwa. Sheria ya kuipanga ilitoka tarehe 15 mwezi wa kumi 2013. Kabila aliteua majaji tisa wa kwanza mwezi wa saba 2014, nao wakala kiapo tarehe 4 mwezi wa nne 2015, chini ya Benoît Lwamba Bindu, hakimu wa siku nyingi. Miaka 9, karibu muhula mzima wa jaji mmoja, inchi iliishi na katiba isiyokuwa na korti yake.

Katika muda huo, Korti Kuu ya Sheria ndiyo ilishika kazi hiyo. Ndiyo iliyosikiliza mashitaka ya Jean-Pierre Bemba mwaka 2006, na watu wazima wanakumbuka tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, siku jengo lake huko Gombe liliwaka moto katikati ya kesi. Siku chache nyuma, Kabila alitangazwa mshindi. Mwaka 2011, mbele tu ya uchaguzi mwingine, Kabila aliongeza majaji 18 katika korti ile ile. Upinzani ulilalamika wakati ule kwamba mwenye mechi anachagua arbitre. Malalamiko hayo tumeyasikia mara nyingi tangu pale, kila safari katika mdomo wa mtu mwingine.

Korti mpya ilipata mtihani wake wa kwanza mkubwa tarehe 11 mwezi wa tano 2016. Kundi la wabunge wa upande wa Kabila liliomba maelezo ya kifungu cha 70. Majaji wakajibu kwamba raisi anayemaliza muhula anabaki kazini mpaka mwingine aliyechaguliwa aingie. Watu waliandamana, Goma na Kinshasa, mwisho wa mwezi ule. Mwezi wa kumi, Korti ikakubali CENI isogeze uchaguzi mbele. Muhula wa pili wa Kabila uliisha tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2016. Aliondoka mwezi wa kwanza 2019.

Mwaka 2018, mbele ya uchaguzi kufika, viti vitatu vilikuwa vimeachwa wazi: jaji mmoja alikuwa amekufa, wawili walijiuzulu. Kabila akaingiza watatu wapya, na kati yao Norbert Nkulu, mtu wa karibu naye aliyewahi kuwa waziri. Kwa hiyo Tshisekedi alipoingia ofisini, alikuta Korti ambayo hakuna hata jaji mmoja aliyetiwa sahihi naye. Bunge pia halikuwa lake: FCC, jukwaa la Kabila, lilikuwa na zaidi ya viti 300 kati ya 500. Kwa sheria, alipaswa kungoja tombola, kisha kuchagua mtu mmoja kila miaka mitatu.

Mwezi wa saba 2020

Hapa ndipo mambo yanapaswa kuelezwa polepole, maana kila upande ulisimulia kivyake.

Mwezi wa sita 2020, wabunge wawili wa FCC, Aubin Minaku na Gary Sakata, walileta mapendekezo matatu ya sheria juu ya mahakama. Moja kati ya shabaha zake ilikuwa kumpa waziri wa sheria nguvu zaidi juu ya mahakimu wa parquet. Vijana wa UDPS wakaingia barabarani Kinshasa. Waziri wa sheria, Célestin Tunda ya Kasende, akakamatwa kwa masaa, akajiuzulu wiki mbili baadaye. Katikati ya joto hilo, ikasikika kwamba Benoît Lwamba, aliyekuwa Ulaya, amejiuzulu. Siku kadhaa kulikuwa na mvutano: barua ni ya kweli ama si ya kweli? Mwisho ikathibitishwa.

Kisha tarehe 17 mwezi wa saba, jioni, RTNC ilisoma ordonansi za raisi. Majaji wawili wa Korti ya Katiba, Noël Kilomba na Jean Ubulu, walipelekwa kwenye Korti ya Kasasyo na cheo cha kuongoza chumba. Viti vyao pamoja na kile cha Lwamba vikapewa Dieudonné Kaluba, profesa na avoka, Dieudonné Kamuleta, na Alphonsine Kalume, mwanamke wa kwanza kuketi katika Korti hiyo. Kwa sababu ya kelele za siku zile, jambo hili la mwisho halikusemwa sana, na ni hasara.

Kilomba na Ubulu hawakufurahia cheo walichopewa. Walimwandikia raisi kwamba wanapenda kumaliza miaka yao 9 katika Korti ya Katiba, kwani hawakuomba kuondoka. Neno lao lilikuwa na uzito: jaji wa korti hii hahamishwi kama kamanda wa polisi. Ikiwa kila raisi anaweza kumpandisha cheo jaji asiyempenda ili aachie kiti, ile miaka 9 ya katiba inabaki maandishi tu.

FCC iliongeza sababu zingine. Waziri wa kwanza, Sylvestre Ilunga Ilunkamba, alikuwa Lubumbashi katika safari ya kazi siku ile. Aliyetia sahihi ya pili kwenye ordonansi ni Gilbert Kankonde, waziri wa mambo ya ndani, mwanamemba wa UDPS, kwa jina la kumkaimu. FCC ilisema waziri wa kwanza hakuwa amekufa wala kujiuzulu, alikuwa tu Katanga, masaa mawili na nusu ya ndege. Ilisema pia kwamba Baraza Kuu la Mahakimu halikukaa jinsi inavyopaswa. Ofisi ya raisi ilijibu kwa kifupi: ordonansi zimesomwa, zitatekelezwa.

Kwa upande wa sheria, ninaona hoja za majaji wawili zilikuwa na nguvu kuliko majibu waliyopewa. Lakini ni lazima kusema pia kwamba waliolia juu ya katiba mwezi wa saba 2020 ndio wale wale walioshangilia uamuzi wa mwezi wa tano 2016. Raia wa Bukavu ama Kindu aliyesikiliza redio siku zile alikuwa na haki ya kuchoka.

Kiapo kilichovunja ndoa

Miezi mitatu ikapita. Sheria inataka majaji wapya wale kiapo mbele ya raisi na mbele ya Taifa, likiwakilishwa na bunge, maseneta na Baraza Kuu la Mahakimu. Jeanine Mabunda, mkubwa wa bunge la taifa, na Alexis Thambwe Mwamba, mkubwa wa maseneta, wote wa FCC, walitangaza kwamba hawatakuja. Walifikiri bila wao hakuna kiapo.

Tarehe 21 mwezi wa kumi 2020, kiapo kilikuliwa. Ndani ya Palais du Peuple, ndani ya nyumba yao. Wabunge wa CACH walikuja, mahakimu walikuja, polisi walizunguka majengo, na Kaluba, Kamuleta na Kalume wakainua mikono. Viti vya Mabunda na Thambwe vilibaki tupu, na sherehe ikaendelea.

Siku mbili nyuma, Tshisekedi aliongea kwenye televisheni na kutangaza mashauriano ya kitaifa. Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili alivunja muungano na Kabila. Tarehe 10, wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Mabunda, wengi wao wakiwa wamechaguliwa kwa rangi za FCC. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2021, serikali ya Ilunkamba ikaangushwa. Thambwe naye akaenda. Muungano mpya ukaitwa Union sacrée.

Je, Korti ndiyo iliangusha FCC? Hapana, siyo peke yake. Wabunge walikuwa na sababu zao, na zingine zilikuwa na magurudumu manne. Lakini hofu ilichangia. Katika hotuba yake, raisi alikuwa amesema wazi kwamba akikosa wingi mpya atavunja bunge. Mbunge anayesikia hivyo anajiuliza: mzozo ukitokea, nani ataamua? Mbele ya mwezi wa kumi 2020, jibu lilikuwa majaji wa Kabila. Baada ya kiapo, hakuna aliyeweza kulisema kwa uhakika.

Siku ya tombola

Mwezi wa nne 2021, majaji walimchagua Kaluba kuwa mkubwa wao. Wengi walidhani atakaa. Lakini tarehe 10 mwezi wa tano 2022, siku ya kura ya bahati, jina lake likatoka. Mwaka mmoja tu na kidogo juu ya kiti. Mwezi wa sita, Kamuleta akachaguliwa mahali pake, na kwa hiyo akashika pia Baraza Kuu la Mahakimu.

Kama ungetaka kupima athari ya kubadilika kwa majaji, kuna kesi moja inayoonyesha kuliko maelezo yoyote. Ni ya Augustin Matata Ponyo, mtoto wa Maniema, waziri wa kwanza kutoka 2012 mpaka 2016. Alishitakiwa juu ya Bukanga-Lonzo, shamba kubwa la serikali ambalo lingelisha Kinshasa, na ambako zaidi ya dola milioni 200 zilipotea kufatana na wakaguzi wa IGF.

Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2021, Korti ikiongozwa na Kaluba ilisema haina ruhusa ya kumhukumu, kwa sababu yeye si waziri wa kwanza tena. Katiba inasema juu ya aliye kazini. Wafuasi wake waliimba. Mwaka mmoja na siku tatu baadaye, tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 2022, Korti ikiongozwa na Kamuleta ilijibu swali lililotoka kwa Korti ya Kasasyo, ikasema kinyume: waziri wa kwanza wa zamani naye anahukumiwa hapa, kwa matendo aliyoyafanya akiwa kazini. Hakuna herufi moja ya katiba iliyobadilika kati ya tarehe hizo mbili. Walioketi ndio walibadilika.

Tarehe 20 mwezi wa tano 2025, Matata alihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu. Alikuwa mbunge wa taifa, na ofisi ya bunge ikiongozwa na Vital Kamerhe ilipinga, ikisema kinga yake haikuondolewa. Korti ikaendelea. Hakuna rufaa.

Mtu anaweza kufurahi kwamba kwa mara moja mkubwa ameulizwa pesa za wananchi zilienda wapi. Ninaelewa furaha hiyo, kwani Bukanga-Lonzo ni aibu. Ila kuna swali lingine la kuuliza pembeni: kama Korti inaweza kusema hapana na ndiyo juu ya jambo moja ndani ya mwaka mmoja, raia mdogo ajipangeje mbele yake? Avoka atamwambia mteja wake nini?

Mashariki inahusika namna gani

Wasomaji wetu wengi watasema haya ni mambo ya Gombe. Hapana. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya ule utawala ambao watu wa Goma na Bunia wanauita tu « état de siège ». Wanajeshi na polisi walichukua nafasi za magavana na wakubwa wa miji. Kesi za makosa ya jinai za raia zilitolewa kwa korti za kawaida, zikapelekwa kwa korti za kijeshi. Mtu aliyeshitakiwa kwa wizi wa mbuzi Lubero alijikuta mbele ya hakimu mwenye nyota mabegani.

Kifungu cha 145 cha katiba kinasema ordonansi kama hizo zinapelekwa palepale kwa Korti ya Katiba, ili iseme kama zinavunja katiba ama hapana. Ordonansi za 2021 zilipita. Utawala huo, ambao katiba inaupa siku 30 kisha unarefushwa siku 15 kwa 15, umeendelea kurefushwa miaka na miaka. Mashirika ya raia ya Beni, Goma na Bunia yamelalamika mara nyingi, wabunge wa mashariki pia. Lakini mlango pekee wa sheria ulikuwa ule wa majaji tisa, na ulibaki umefungwa.

Tangu mwanzo wa 2025, M23 ikiwa imeshika Goma kisha Bukavu, korti za serikali katika miji hiyo hazifanyi kazi tena kama zamani, na uamuzi wa Kinshasa hauvuki mstari wa vita. Hiyo ni habari nyingine, nzito kuliko hii. Lakini siku amani itarudi, maswali ya nani alipoteza shamba, nani alihukumiwa na nani, na hukumu gani inasimama, yatapanda ngazi moja moja mpaka kwa Korti hiyo hiyo. Kifungu cha 162 kinampa kila mtu, si mbunge tu, haki ya kuishitakia Korti sheria inayovunja katiba. Ni haki ambayo wakaaji wachache sana wa huku wanaijua, na wachache zaidi wana pesa ya kumlipa avoka wa Kinshasa.

Wapinzani hawaendi tena

Uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 ulikuwa wa kwanza wa raisi kuamuliwa na Korti iliyobadilishwa. Safari hii ni Masisi, Rutshuru na Kwamouth ambazo hazikupiga kura, sababu ya vita. Tarehe 9 mwezi wa kwanza 2024, Korti ilithibitisha ushindi wa Tshisekedi kwa asilimia 73,47. Kulikuwa na mashitaka ya mgombea Théodore Ngoy, yakakataliwa.

Lakini kilichoonekana zaidi ni wale ambao hawakuja. Moïse Katumbi hakushitaki. Fayulu, aliyejaribu 2019, hakushitaki. Wote walisema uchaguzi ulijaa wizi, na wote walisema hawana imani na majaji. Upande wa raisi uliwajibu kwamba asiyeenda kortini hana ushahidi. Jibu hilo lina maana yake. Kuna kitu kilivunjika hata hivyo: mwaka 2006 watu wa Bemba walichoma korti kwa hasira, na hiyo ilikuwa uhalifu, lakini Bemba mwenyewe aliandika mashitaka na kungoja uamuzi. Mwaka 2023 hakuna mkubwa wa upinzani aliyeona faida ya kununua hata karatasi ya kuandikia.

Majirani wana njia zingine. Huko Kenya, tume ya mahakama inawahoji wanaotaka ujaji mkuu mbele ya televisheni, na mwaka 2017 korti yao ya juu ilifuta uchaguzi wa raisi aliyekuwa madarakani. Kwetu, jina la jaji wa Korti ya Katiba linasikika kwa mara ya kwanza siku RTNC inasoma ordonansi. Hatujui nani mwingine alikuwa anafikiriwa wala aliulizwa maswali gani. Kongresi inapochagua watatu wake, mazungumzo yanafanyika kati ya wakubwa wa vyama, kama vile kugawana viti vya serikali.

Kufuli ya 220

Tarehe 23 mwezi wa kumi 2024, akiwa Kisangani, Tshisekedi alisema katiba ya 2006 hailingani na hali ya inchi na kwamba ataunda tume ya kuandika nyingine. Tangu siku ile, mjadala wote ni juu ya kifungu cha 220, kinachokataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya raisi. Muhula wake wa pili, ambao kwa katiba ya leo ni wa mwisho, unaishia mwanzo wa 2029.

Watu wanasahau kwamba katika orodha ya kifungu hicho cha 220, pembeni ya mihula ya raisi, kuna pia uhuru wa mahakama. Waliokiandika waliweka vitu hivyo viwili chini ya kufuli moja.

Na maswali yataanza kuja. Kubadilisha katiba yote ni kuvunja kifungu cha 220, ama ni kukipita pembeni? Kura ya maoni ikipigwa wakati Masisi na Rutshuru hazina CENI, itahesabiwa kuwa ya inchi nzima? Matokeo yakibishaniwa, nani ataamua? Kifungu cha 161 kimekwisha kujibu hilo la mwisho. Ni Korti ya Katiba, ikiwa na majaji tisa ambao hatujui ni nani kati yao tombola itakuwa imewaacha ndani siku hiyo.